Fundi Mkuu na Nyaya za Tunduma

Ukitaka kumwona Fundi Mkuu akikimbia, ilitosha kushika koleo na kusogelea waya ambao hujauliza unakwenda wapi. Alikuwa mtu mnene, anayevaa viatu vya mvua hata kiangazi, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Lakini hapo angechomoka kama kijana, mkono juu, akipaza sauti mpaka bodaboda wanageuka.

"Usikate! Usikate! Unaujua huo?"

Ukisema huujui, alikuwa na jibu moja, alilolisema kwa lafudhi ya Kinamwanga, akivuta maneno ya mwisho: "Usichokijua hakikatwi. Kinafuatwa."

Nami nyaya hizo nilizifuata pamoja naye. Weee, tulizifuata! Juu ya mabati, nyuma ya vyoo, kupitia uwanja wa kuku, mpaka nchi ya watu, na nitaeleza.

Mimi nilikuwa mtu wa dawati la wateja. Nilitoka Ibaba, juu huko Ileje ambako ukungu hauondoki mpaka watu wamekunywa chai ya pili, nikashuka Tunduma na cheti changu cha kompyuta nikidhani kazi itakuwa kupokea simu kwa sauti nzuri. Wiki ya kwanza tu nikajua sauti nzuri haisaidii. Kampuni yetu ilianza kwa kusambaza televisheni kwa waya, enzi watu walipotaka mpira na tamthilia tu. Baadaye intaneti ikapitishwa kwenye nyaya zile zile, mji ukakua, kila fundi aliyekuja akaongeza waya wake na kuondoka, na sasa mtandao ulikuwa unasimama mara kwa mara. Mawakala wa forodha, wale wanaoandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia, walikuja dawatini wakitokwa jasho.

"Dada, foleni ya malori imefika huko nyuma, na nyaraka yangu inazunguka tu kwenye skrini! Inazunguka!"

Nami nilikuwa na sentensi moja niliyofundishwa: "Mafundi wetu wanalishughulikia."

Siku ya nane Fundi Mkuu aliisikia sentensi hiyo akiwa mlangoni na kikombe mkononi. Alisubiri mteja aondoke.

"We binti, unatoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Natoka Ileje."

"Marahaba. Sasa we Ileje, hao mafundi wanaolishughulikia unawajua?"

"Hapana, mzee."

"Ni mimi. Na mimi nilikuwa nakunywa chai." Akacheka mpaka miwani ikaruka kifuani. "Usiwaambie watu jambo usilolijua. Kesho vaa viatu vya kutembelea, ukaone kinachowasumbua wateja wako."

Kuanzia siku hiyo jina langu likafa. Nikawa Ileje, na hadi leo wapo watu Tunduma wasiojua kwamba nina jina jingine.

Nilichokiona mtaani kilinitisha. Kwenye chumba chetu cha mitambo unatoka waya mkuu, mnene na mweusi. Unapanda nguzoni, na kila baada ya umbali fulani kuna amplifaya, kisanduku cha kuyapa mawimbi nguvu mpya, kwa sababu waya ule huyachosha njiani. Kisha spilita zinaugawa kwenda nyumba hadi nyumba. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini tulikuta nguzo zenye nyaya nyingi kiasi kwamba ndege walikuwa wametaga katikati yake. Tulikuta waya unaoingia dirishani kwa mtu na kutokea mlango wa nyuma kwenda kwa jirani, na kutoka kwa jirani kwenda kwa shemeji yake. Tulikuta amplifaya iliyokuwa hai ndani ya dari ya duka la viatu, na mwenye duka alidhani ni kifaa cha kufukuza panya.

Mkurugenzi wetu, kijana aliyerithi kampuni na kuwa na hamu kubwa nayo, alikuwa ameamua kuung'oa mtandao wote na kuweka faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Vifaa vipya vilikwisha kufika, vimepangwa stoo kwenye maboksi yanayonuka upya. Mimi nikamuuliza Fundi Mkuu kwa nini basi tusishushe nyaya za zamani tukapandisha mpya, mchezo ukaisha.

"Ileje, mji huu unaishi ndani ya hizi nyaya. Unamhamisha mtu nyumba huku yeye amelala kitandani. Inawezekana! Ila sharti kwanza ujue kitanda kiko wapi."

Ndipo tukaanza kuchora ramani. Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma na karatasi. Waya wa zamani nikiuchora kwa kalamu nyeusi, mahali pa faiba kwa kalamu ya kijani, na mahali tusipopaelewa kwa nyekundu. Miezi ya kwanza karatasi yangu ilikuwa nyekundu tupu.

Alikuwa hawezi kupita nyumba bila kusalimia. Angeuliza habari za mahindi, za mtoto aliyekuwa na homa, za mume aliyekwenda Mbozi kwenye kahawa, na mimi nimesimama juani na kalamu nikihesabu nguzo zilizobaki. Niliona anapoteza muda. Baadaye nikagundua kwamba katikati ya salamu zile ndipo watu walipomwambia yote. "Baba, waya huo aliuvuta fundi mmoja mrefu, mwaka ule shangazi alipofariki, akasema tusiseme." Hakuna kifaa cha kupimia ambacho kingetuambia hivyo.

Akiwa juu ya ngazi alikuwa akiimba. Aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa lake, na sauti ile nzito ilishuka kutoka nguzoni kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Tulijifunza kumsikiliza. Akiimba, bado anatafuta. Akinyamaza katikati ya ubeti, amekipata.

Siku ya nchi ya watu ilikuwa hivi. Tunduma na Nakonde ya Zambia zimegandana. Kuna mahali unafungua mlango wa nyuma na kutokea kwa jirani ambaye fedha yake si yako. Tulikuwa tunafuata waya mmoja uliopita nyuma ya maghala. Ukapanda bati, ukashuka, ukapita juu ya kichochoro, nasi tukapita chini yake tukiangalia juu kama watu wanaotazama ndege. Ukaingia kwenye kibanda cha mama mmoja muuza mitumba.

"Mwapoleni mukwai!" akatusalimia kwa Kibemba.

Fundi Mkuu akaitikia, halafu simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Akaisogeza mbali na macho, akasoma. Ulikuwa unamkaribisha Zambia. Aliketi juu ya robota la nguo na kucheka mpaka akashika mbavu.

"Ileje, andika! Kampuni yetu ni ya kimataifa, ila mwenyewe hajaambiwa!"

Yule mama akawa amekwisha kuelewa sisi ni nani. Akasimama mbele ya televisheni yake kama anayeilinda. "Ba mudala, mzee wangu, mnataka kukata? Watoto wanatazama katuni."

"Leo sikati, mama. Leo nimekuja kukufahamu."

Na kweli siku hiyo hakukata. Alirudi ofisini akamweleza Mkurugenzi, ikaamuliwa waya uondolewe, maana hatukuwa na ruhusa ya kutoa huduma ng'ambo. Siku moja kabla ya kuuondoa, Fundi Mkuu alivuka mpaka mwenyewe kwenda kumwambia yule mama, akamwelekeza kwa fundi wa upande wake. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kwa mtu ambaye hata si mteja. Alinitazama kama niliyemwuliza kwa nini anavua kofia kanisani.

Lakini nisimfanye malaika. Mtu yule aliyevumilia fundo la nyaya kwa saa tatu hakuweza kuvumilia kikao kwa dakika kumi. Angeanza kuguna, kisha kusogeza kiti, kisha kutoka. Ukimwita injinia alikasirika, ukimwita fundi tu bila mkuu alikasirika pia. Aliisifu faiba kuliko sisi sote, aliweza kumsimamisha mpita njia amweleze jinsi mwanga unavyokimbia ndani ya kioo, na papo hapo, chini ya meza yake, alikuwa anatunza amplifaya mbovu zilizojaa vumbi, anaziita wagonjwa wake, na ole wako uzitupe. Tena kitu kikubwa kuliko vyote: yeye aliyetugombeza kila siku tuandike, tuandike, tuandike, hakuwa anaandika. Mambo yake yote alikuwa nayo kichwani. Nitafika hapo.

Kwanza niseme habari ya kamba ya nguo, maana hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Kwa siku tatu mfululizo, kila ikifika saa nne asubuhi, intaneti ya mawakala wa mpakani ilikuwa inakufa. Mchana inafufuka. Mkurugenzi alitaka tuache ramani tukimbilie kufunga vifaa vipya. Mawakala nao walikuwa wamekwisha kumwambia wazi kwamba ikiendelea hivyo watahamia kampuni nyingine, wote kwa pamoja. Fundi Mkuu alitueleza tatizo akitumia kwaya yake.

"Kwenye waya huu, sauti za nyumba zote zinapanda kuja kwetu kwa njia moja. Mmoja akipiga mayowe, hata wanaoimba vizuri hawasikiki. Kuna nyumba inapiga mayowe. Tutaitafuta kwa kugawa mji nusu kwa nusu."

Mimi nilikaa chumba cha mitambo mbele ya skrini inayoonyesha kelele zile, simu sikioni. Yeye alikuwa mtaani. Ilipofika saa nne, mstari kwenye skrini ukaruka juu kama ulioungua.

"Mzee, zimeanza!"

"Nazima upande wa sokoni kidogo. Sasa?"

"Bado!"

"Basi si sokoni. Narudisha. Nazima mtaa wa Chapwa."

Mstari ukalala chini. "Zimetulia, mzee! Chapwa! Ziko Chapwa!"

Akagawa Chapwa nusu, kisha ile nusu akaigawa nusu. Kila mara akizima kwa muda mfupi na kurudisha, nami nikipiga kelele *bado* na *zimetulia* mpaka mhasibu wetu akaja kusimama nyuma yangu, kisha Mkurugenzi, kisha mlinzi aliyeacha geti. Kwenye simu nilikuwa namsikia Fundi Mkuu akitembea na kuimba. Ghafla akanyamaza katikati ya ubeti.

"Kafika," nikawaambia wenzangu.

Tukamsikia akibisha hodi. "Mama, habari za kazi?"

"Nzuri, baba. Karibu."

"Starehe. Hiyo kamba yako ya nguo umeipata wapi?"

"Hii? Nilipohamia niliikuta inaning'inia ukutani. Ni imara sana, baba. Haipati kutu."

"Ni imara kweli kweli. Imeshika malori yote ya mpakani." Kisha akasema na mimi: "Ileje, uko macho kwenye skrini? Mama, nakuomba, toa hilo blanketi."

"Mstari unashuka, mzee!"

"Mama, lianike tena."

"Unapanda! Mzee, unapanda!"

"Toa."

"Umeshuka!"

Chumba kizima tulikuwa tunaruka. Ulikuwa waya wa zamani wa mteja aliyehama, haukuwahi kufunguliwa huko nguzoni, na ncha yake ilikuwa wazi, ikiokota kila uchafu wa hewani na kuuleta kwetu. Kila nguo mbichi ilipoutingisha, maungio yaliyolegea yalicheza na mji mzima ukayumba. Mama yule alikuwa anafua saa tatu na kuanika saa nne. Fundi Mkuu aliufungua waya, kisha akaenda dukani akamnunulia kamba ya katani, akamfungia mwenyewe, akaipima kwa kuivuta na mikono yote miwili. Jioni mimi nikauchora waya ule kwenye ramani, nikaufuta wekundu wake. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Sasa ule ugomvi. Mkurugenzi alikuwa amealika wageni kwa ajili ya uzinduzi, naye alitaka mji wote uhamie kwenye faiba Jumamosi moja. Fundi Mkuu alitaka mtaa kwa mtaa, mtandao wa zamani ukiendelea kuwaka pembeni mpaka kila nyumba ya mtaa ule ipate mpya na ikiri yenyewe kwamba imepata. Walibishana mbele yetu sote, na lazima niseme Mkurugenzi naye hakuwa mjinga.

"Mzee wangu, ukiendesha mitandao miwili kwa pamoja, unawapa mafundi matatizo maradufu. Watachoka. Watachanganya. Lini tutamaliza?"

"Miwili ninayoijua ni afadhali kuliko mmoja nisioujua."

"Na ukikosea hata hivyo?"

"Nitakosea mtaa mmoja. Wewe utakosea mji."

Wakakubaliana tujaribu Chapwa. Mtaa mmoja, asubuhi moja. Ikienda vizuri, mji mzima utahama kwa njia ya Fundi Mkuu. Mtu yeyote nje ya mtaa ule akikatikiwa, kazi itakabidhiwa mafundi wa mkataba kutoka Dar es Salaam, Jumamosi ile ile, na Fundi Mkuu akae pembeni. Aliukubali mkono wa Mkurugenzi bila kusita. Mimi usiku ule niliipitia ramani upya, mstari kwa mstari, kwa sababu ilikuwa yangu.

Siku ya majaribio ilianza vizuri mno. Mafundi waliingia nyumba ya kwanza, taa ya kijani ikawaka. Ya pili, kijani. Watu walitoka nje wakishikana mikono, mzee mmoja akapiga simu ya video na binti yake aliye Mwanza na kumgeuzia kamera atuone sote. Nyumba ya mwisho ilipowaka, Fundi Mkuu alitazama ramani yangu, akatikisa kichwa kukubali, akaagiza kisanduku cha umeme kilicholisha amplifaya za mtaa ule kizimwe.

Dakika nne baadaye simu yangu ikalia. Ilikuwa zahanati moja iliyo upande wa pili wa barabara kuu, mbali kabisa na mtaa wetu. Muuguzi alikuwa anaongea haraka. Mtandao umekatika, hawawezi kusoma kadi za bima, na mbele yake kuna mama mwenye mtoto anayetapika.

Nilitazama ramani. Hakuna mstari wowote uliotoka kwenye kisanduku kile kwenda zahanati. Mkurugenzi, aliyekuwa amekuja kutazama, akauliza polepole, "Nani alichora ramani hii?"

Nikanyoosha mkono.

"Shusha mkono, Ileje," akasema Fundi Mkuu. Alikuwa amevua kofia yake ya kazi. "Washa kisanduku."

Fundi akabonyeza. Tukasubiri. Yule muuguzi alikuwa bado yuko hewani, tukamsikia akisema, "Umerudi! Asanteni, umerudi," na kukata.

Fundi Mkuu akasema mbele ya mafundi wake, mbele ya wateja, mbele ya akina mama waliokuwa wamebeba maji.

"Waya wa zahanati niliuvuta mimi kutoka hapa. Zahanati ilipofunguliwa walikuwa na haraka, nikaupitisha chini ya barabara ndani ya bomba la maji, nikasema nitauandika. Sikuuandika. Binti huyu amechora alichoambiwa, na mimi sikumwambia. Kosa ni langu. Mkurugenzi, makubaliano ni makubaliano."

Akamkabidhi kofia. Mkurugenzi aliipokea, akaigeuzageuza. Nilidhani ataondoka nayo. Badala yake akauliza, "Mzee, ingekuwa Jumamosi, nyaya zote tumeshazishusha, tungebonyeza nini?"

Fundi Mkuu akakigeukia kile kisanduku, akakitazama.

"Hapa umekosea, na umerudisha kabla mtoto wa watu hajakosa dawa," akasema Mkurugenzi. "Tutakwenda kwa njia yako. Ila nina sharti. Kila kilichomo kichwani mwako kihamie kwenye karatasi za Ileje. Chote. Kabla hatujagusa mtaa mwingine." Akamvisha kofia mwenyewe, ikakaa upande.

Kwa siku mbili tulijifungia ofisini, yeye, mimi na chupa ya chai ya tangawizi. Alifumba macho na kusema, nami nikachora. Hakukumbuka nyaya kwa namba wala kwa mitaa, alizikumbuka kwa watu. "Pale kwa mama aliyekuwa na mbuzi wa kahawia, kuna kiungo chini ya tofali." "Kwa yule mwalimu aliyehamia Vwawa, waya unapita ndani ya ukuta, nilimsaidia kuujenga." Zilitoka nyingi mpaka nikabadilisha kalamu. Siku ya pili mchana akasema, macho bado yamefumbwa:

"Ileje, unajua kwa nini sikuandika?"

"Ulikuwa na kazi nyingi, mzee."

"Hapana. Nilidhani nikiandika vyote hamtanihitaji." Akafungua macho, akaitazama ramani iliyokuwa imejaa meza nzima na kushuka pembeni. "Sasa iangalie. Mbona nzuri hivi!"

Tulihama mtaa kwa mtaa. Vumbi likatuingia, mvua ikatunyeshea, siku nyingine tulihama nyumba tatu tu na kurudi. Mtaa wa mwisho ulikuwa wa mawakala wa forodha, na hapo tulikuwa tumezoea kiasi kwamba mafundi walikuwa wanashindana. Nilisimama nyuma ya wakala mmoja, yule yule aliyekuwa akija dawatini kwangu na jasho lake. Akabonyeza kutuma nyaraka. Akabaki ameshika kipanya, anasubiri kile kiduara cha kuzunguka.

"Mbona haizunguki?"

"Imeshakwenda, kaka."

"Imekwenda wapi?"

"Imefika!"

Aliruka na kiti! Akatoka barazani akiita wenzake, nao wakawa wanatuma, wanashangilia kama timu imefunga. Fundi Mkuu alikuwa uani, na nilipotoka kumweleza nikamkuta anacheza, mnene vile vile, mkono mmoja kiunoni, bila muziki wowote.

Alistaafu baada ya nyaya za zamani zote kushushwa. Alirudi Msangano kulima. Tulipigiana simu sikukuu, kisha tukapunguza, kama inavyokuwa.

Mwaka huu tulifika Msangano kupeleka faiba. Mimi sasa ndiye mpangaji wa njia za kampuni, na fundi kiongozi ni binti anaitwa Neema, hodari, asiyeogopa mtu, aliyeajiriwa baada ya Fundi Mkuu kuondoka. Hajawahi kumwona. Tukaitisha mkutano nje ya ofisi ya kata, na Neema akasimama kuwaeleza wananchi njia ya nguzo. Katikati ya maelezo nikamwona Fundi Mkuu ameketi nyuma kabisa, amepungua mwili, mvi zimejaa. Nilitaka kuinuka nimtambulishe. Akatikisa kichwa kunikataza, kisha akanyoosha mkono kama mwananchi mwingine.

"Fundi, mimi naona nguzo zifuate barabara. Ni rahisi kuzifikia."

"Hapana, mzee wangu," akasema Neema. "Barabara itapanuliwa, alama zimeshawekwa. Tukifuata barabara tutazing'oa zote. Tunapita pembezoni mwa mashamba, nyuma ya shule."

Akafikiri. "Kule kuna bonde. Mvua ikinyesha maji yanajaa."

"Tunavuka juu, kwa nguzo mbili ndefu."

"Mbili hazitoshi."

"Zinatosha."

"Hazitoshi, binti."

"Shikamoo mzee, lakini zinatosha. Twende nikuonyeshe."

Watu wakacheka, naye alikuwa amekwisha kusimama. Mkutano wote tukawafuata, wakulima, watoto, diwani na viatu vyake vilivyong'aa. Bondeni Neema aliweka kijiti upande mmoja, akavua viatu, akavuka kwenye tope, akaweka kingine mwinuko wa pili, akavuta kamba katikati. Fundi Mkuu akachuchumaa, jicho moja kalifumba, akaitazama kamba ilivyokaa juu ya alama ya maji ya masika iliyobaki kwenye magome ya miti. Akahamia upande mwingine akatazama tena. Sijui nilikuwa upande wa nani.

Akainuka, akaweka mikono mdomoni, akapiga ukelele uliovuka bonde lote:

"Zinatosha!"

Watu wakapiga makofi. Neema alirudi kwangu akifuta tope miguuni, uso unawaka. "Dada, yule mzee ni nani? Anauliza vikali!"

Nikafungua mdomo nimwambie, lakini mzee alikuwa ameshaingia topeni mwenyewe, suruali imekunjwa magotini, anaelekea kijiti cha pili.

"We binti! Njoo huku, tuanze shimo la nguzo kabla jua halijawa kali!"

Na Neema akakimbia.